Mlango Uko Wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nembo, mabango na chapa za sanaa na utamaduni

Kazi yangu ni kuchora nembo, mabango na vibao vya matamasha, kumbi za maonyesho na makumbusho, zaidi Dar es Salaam na Unguja. Wanaonijia ni vikundi vya ngoma, vijana wa maigizo, wenye majumba ya sanaa, mara moja moja ofisi ya umma inayotunza mambo ya kale. Maswali yao yanafanana mno, ndiyo maana nimeyakusanya hapa. Anayetaka kunipigia simu asome kwanza, huenda akaokoa vocha.

Chapa ni nini hasa? Si ndiyo hiyo hiyo nembo?

Hapana. Nembo ni mchoro. Chapa, kama wafugaji wanavyojua, ni alama anayopigwa ng'ombe ili hata akipotelea kwenye kundi la jirani ajulikane ni wa nani. Kwa shughuli ya sanaa, chapa ni yote yanayomjia mtu kichwani mnapotajwa: jina, rangi, sauti ya aliyepokea simu, kiingilio, usafi wa choo, na kama mara ya mwisho mlianza kwa wakati.

Mfano ninaoupenda uko Kijitonyama, Dar es Salaam. Kila siku makonda wanaita "Makumbusho, Makumbusho!" na watu wanashuka kwa mamia. Kituo kile kilipata jina kutokana na Kijiji cha Makumbusho kilicho jirani, kilichoanzishwa mwaka 1966, chenye nyumba za asili za jamii mbalimbali za Tanzania zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, unaingia ndani na kugusa ukuta wa udongo. Hakuna taasisi ya utamaduni nchini inayotajwa midomoni mwa watu wengi namna ile, na hakuna aliyelipa tangazo. Sasa waulize wanaoshuka: umewahi kuingia kijijini? Mimi nimewauliza, tena zaidi ya mara moja. Wengi wanacheka. Wengine wanadhani Makumbusho ni jina la mtaa tu. Nairobi nako matatu zinapita Museum Hill, penye makumbusho ya taifa, asubuhi na jioni, na ukiuliza abiria swali hilo hilo utapata kicheko hicho hicho.

Kwa hiyo jina mtu anaweza kuwa nalo na mlango asiujue. Karibu kila jibu hapa chini linahusu nafasi hiyo kati ya jina na mlango.

Watu wanapita nje ya ukumbi wetu kila siku na hawaingii. Nembo mpya itasaidia?

Huenda. Lakini kwanza vuka barabara, simama upande wa pili, ulitazame geti lako kwa robo saa. Ndivyo ninavyoanza kazi za namna hii, na huwa sijitambulishi. Ninachokiona mara nyingi ni ukuta mrefu, geti la chuma limefungwa, kimlango kidogo pembeni, na mlinzi kwenye kiti cha plastiki. Mpita njia akisogea anaulizwa, "Unaenda wapi?" Ni swali la kawaida la ulinzi. Lakini kwa mtu ambaye alikuwa hana uhakika kama pale panamhusu, swali hilo limeshamjibu. "Aa, napita tu." Anaondoka, na hamtajua kwamba alikuja.

Kuna mahali walitaka niwachoree kibao kikubwa cha taa. Nikawashauri fedha wazigawe. Sehemu moja akalipwa fundi wa kuandika ukutani, aandike kwa herufi za urefu wa mkono: maonyesho yako ndani, saa za kufungua, hakuna kiingilio. Sehemu nyingine ikaenda kwenye kufungua upande mmoja wa geti ili mtu aone ua na mti na watu waliokaa chini yake. Na mlinzi akabadilishiwa sentensi. Badala ya "Unaenda wapi?" akawa anasema "Karibu, maonyesho yako ndani." Aliipenda mwenyewe, baada ya wiki mbili akawa anawaeleza wageni picha ipi ya nani. Wa kwanza kuingia kwa wingi walikuwa wanafunzi wanaotoka shule, halafu mama zao waliokuja kuwatafuta.

Kuna majengo ambayo hofu yake ni ya zamani, na hapo kazi ni ngumu zaidi. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, lakini kwa wenyeji wengi wa kizazi cha juzi pale palikuwa jela, tangu 1895 hadi 1958, kabla ya kufunguliwa kama makumbusho mwaka 1962. Ngome Kongwe ya Unguja nayo iliwahi kuwa jela. Leo, usiku wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, watu wanasimama bega kwa bega ndani ya kuta hizo hizo wakiimba. Si rangi iliyoondoa jela vichwani mwao. Ni jukwaa, taa, gwaride la ufunguzi linalopita mitaani kuwachukua watu walipo, na kiingilio cha wenyeji kuwa chini ya cha wageni. Yote hayo ni maamuzi ya usanifu, ingawa hayapiti kwenye kompyuta yangu.

Bango zuri linatakiwa kuwa na nini?

Nini, wapi, lini, kiasi gani, na picha moja. Ukiongeza la sita, uwe na sababu.

Kwenye "lini" nina kovu. Nilichora bango la kikundi cha maigizo nikaandika tu "8:00", maana ilikaa vizuri pale kwenye kona. Nusu ya watu walikuja saa nane mchana, jua linachoma, ukumbi una kufuli. Nusu nyingine walikuja saa mbili usiku, kama tulivyokusudia. Mama mmoja alikuwa na watoto watatu, na maneno aliyoniambia sitayaandika hapa. Tangu siku hiyo naandika "saa 2 usiku", kwa maneno, hata mteja akilalamika kwamba si ya kisasa. Na tafadhali msiandike "Ijumaa hii". Bango hukaa ukutani hadi mvua ilibandue, na kila wiki ina Ijumaa yake.

Kwenye "wapi", hakuna anayetafuta namba ya kiwanja. Andika kituo cha kushukia na kitu ambacho kila mtu anakijua: mkabala na msikiti, nyuma ya kituo cha mafuta.

Kwenye "kiasi gani", bango lisilotaja kiingilio husomeka kama bango la ghali. Nimeliona hili mara nyingi kiasi cha kuliapia. Kama hamtozi, andikeni "Hakuna kiingilio" kwa herufi zinazoshindana na jina la shughuli. Mimi binafsi siandiki "BURE". Bure ina harufu ya mtego, mtu anaanza kujiuliza atauziwa nini akishakaa.

Tuandike kwa Kiswahili, Kiingereza, au zote mbili?

Inategemea nani mnataka aingie, lakini acheni kujidanganya kwamba lugha mbili ni sawa wakati Kiingereza kiko juu kwa herufi nene na Kiswahili kiko chini kimelazwa, kidogo, rangi ya kijivu. Msomaji haoni lugha mbili pale. Anaona mgeni rasmi na mhudumu.

Kuna sababu ya kiufundi pia. Wabunifu wengi hupanga ukurasa kwa Kiingereza kwanza, halafu wanakuta Kiswahili hakiingii kwenye kisanduku, kwa kuwa maneno yetu ni marefu, yanabeba nafsi, wakati na mtendwa kwa pamoja. Ndipo herufi zinapobanwa. Pangeni kwa Kiswahili kwanza. Kiingereza kitapata nafasi, hakijawahi kukosa.

Na tunzeni ule mkato wa ng'. Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji wa Unguja, si Ngambo. Nimewahi kuona kibao cha maonyesho ya picha za zamani za mtaa huo kimeandikwa bila mkato, na wazee waliokuja walizungumzia kosa hilo kuliko picha. Walikuwa na haki. Kama hamkuweza kuandika jina la nyumbani kwao, mtawaeleza nini kuhusu nyumbani kwao?

Kuhusu jina la shughuli yenyewe, hamlazimiki kulifanya la Kiingereza ili wageni waje. Sauti za Busara ilianza mwaka 2004 na jina lake halijawahi kuhitaji tafsiri kwenye bango. Waandishi wa nje wanalitamka wanavyoweza na wanafika. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, likarudi 2017, na jina lilikuwa bado liko pale pale vichwani mwa watu likisubiri.

Mbona kila ukishauri unarudi kwenye kanga?

Kwa sababu ndiyo chombo cha usanifu ambacho umma wetu umekishika mikononi kwa zaidi ya karne moja bila kuambiwa na mtu kwamba huu ni usanifu. Ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yale maandishi. Kila mtu anaijua ramani hiyo. Mtoto wa miaka saba anajua jina linakaa wapi.

Tena chapa za biashara ziliingia mapema. Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza duka lake Mombasa mwaka 1887, ndiye anayetajwa sana kuwa alianzisha uchapaji wa misemo kwenye kanga. Mwanzoni misemo iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Kanga zake zilibeba alama K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla", na wanawake walizitafuta kwa alama hiyo. Tazameni alama ilipowekwa: ndogo, pembeni, haigombani na jina. Mwenye mali hakusahaulika, lakini aliyevaa ndiye aliyekuwa akisema.

Nililielewa hilo baada ya kukosea. Kikundi kimoja kilitaka kanga ya tamasha lao. Tukaweka kwenye jina: jina la tamasha, mwaka, na jina la waandaaji. Kanga nzuri, rangi zimeshika, bei nafuu. Hazikununuliwa. Zilizogawiwa kwa watu niliziona baadaye zikidekia veranda. Nani avae tangazo la mtu mwingine mgongoni aende nalo msibani?

Mwaka uliofuata tukakaa na akina mama wa mtaa ule, tukawauliza wangependa kusema nini. Walibishana jioni nzima. Mwisho ikatoka: UKINIALIKA NITAKUJA NA WENZANGU. Ni mwaliko, ni onyo, ni majigambo, inategemea nani yuko nyuma yako. Jina la tamasha tuliliweka pale pembeni, dogo, mahali pa K.H.E. Doti zilikwisha kabla ya siku ya pili. Na hadi leo nikipita mtaa ule naiona kwenye kamba za nguo, wakati mabango yetu ya mwaka ule hakuna hata anayeyakumbuka.

Tutumie picha gani? Tulifikiria Mmasai, mbuyu na jua linazama.

Mlifikiria, au mliona kwenye kila duka la vinyago?

Sina ugomvi na mbuyu. Lakini picha hiyo inazungumza na mtu aliye kwenye ndege, si aliye kwenye daladala. Fananisheni na Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997. Nalo limechukua kitu ambacho kila mgeni anakipiga picha, jahazi. Ila wao jahazi wamelipa kazi: tamasha linajiita la nchi za jahazi, yaani nchi zilizounganishwa na bahari na pepo za msimu, na zawadi kubwa inaitwa Jahazi la Dhahabu. Mvuvi wa Mkokotoni hahitaji kuelezwa. Kama mbuyu wenu una kazi kama hiyo, uwekeni.

Kwa Zanzibar, acheni mlango wa nakshi upumzike kidogo. Upo kwenye nembo za hoteli, maduka, kila mahali. Na zile herufi za Kirumi zinazopindwapindwa zifanane na Kiarabu, hapana. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu za kweli kwa karne nyingi na mafundi wa hati wapo, mlipeni mmoja.

Rangi je?

Mbili. Tatu mkibishana sana. Kisutu, ile kanga ya arusi, kinatambulika toka mwisho wa uchochoro kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe, na hakijabadilika toka enzi za bibi zetu. Arusi bila kisutu, kuna watu hawataiita arusi.

Chagueni rangi ambazo mchapaji wa mtaani anaweza kuzirudia, fundi wa ukutani anaweza kuzinunua dukani, na fotokopi ya nyeusi na nyeupe haiziui.

Fundi wa kuandika kwa mkono au bango la turubai la kuchapisha?

Turubai kwa kitu cha wiki mbili. Fundi kwa kitu cha mwaka. Turubai likipigwa jua la pwani hupauka haraka, na watu wamezoea kutoyaangalia. Fundi akianza kuchora ukutani, siku ya kwanza tu mna mkutano: watoto, bodaboda, muuza kahawa, wote wanauliza kunajengwa nini. Kuchora kwenyewe ni tangazo.

Nairobi wanalijua hili kuliko sisi. Mwaka 2004 kanuni mpya za usafiri ziliwalazimisha wenye matatu kupaka mstari wa njano, na ile michoro ikapungua sana. Lakini ilirudi, kwa sababu abiria walikuwa wanachagua gari kwa michoro na muziki wake. Kijana anaacha gari tupu linalokwenda kwao akisubiri lile "lake". Makumbusho gani yana mtu wa kuyasubiri hivyo? Ningekuwa na ukumbi Nairobi, ningempa mchoraji wa matatu ukuta wangu kabla sijamtafuta mbunifu yeyote, mimi nikiwemo.

Wafadhili wanataka nembo zao ziwe kubwa. Tufanye nini?

Wapeni ukanda mmoja chini, nembo zote za rangi moja, urefu sawa, na muwaonyeshe mchoro huo kabla ya kusaini mkataba, si baada. Baada ya kusaini mtabishana kila sentimita. Bango lenye nembo kumi na mbili za rangi kumi na mbili mtaani linasomeka kama semina, na semina watu wanaenda kwa posho.

Wasanii wetu wanaogopa kwamba chapa itageuza sanaa kuwa bidhaa.

Hofu hiyo ina msingi, na sitaipuuza. Tuna kesi yetu wenyewe.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta zinazong'aa, za aina ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya ubao wa dari. Aliuza Oysterbay, nje ya Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, baada ya miaka minne tu ya kuchora. Jamaa zake na wanafunzi wake wakaendelea, mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika, na jina la mtu mmoja likawa jina la mtindo mzima. Leo ukisema Tingatinga, Mjapani na Mdenmaki wanaona chui, ndege na rangi zinazometa. Chapa gani zaidi ya hiyo? Imelisha familia nyingi na imewaingiza kwenye uchoraji vijana ambao hawakupita chuo chochote.

Upande wa pili, mnunuzi anataka chui yule yule. Mchoraji akijaribu kitu kingine, mteja anauliza, "Hii nayo ni Tingatinga?" Na wanunuzi wengi ni wageni, nyumba za Dar es Salaam zenye Tingatinga sebuleni ni chache kuliko inavyostahili, ingawa picha zinachorwa kilomita chache tu kutoka hapo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba chapa isifanye kazi ya kueleza kilichomo ndani ya sanaa. Iishie kuonyesha palipo na mlango na kumhakikishia mtu kwamba anakaribishwa. Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008, studio zake ni makontena ya meli. Makontena yale yanakumbukwa na yeyote aliyefika, na hayamwambii mchoraji aliye ndani achore nini. Hapo ndipo ningependa chapa ikomee.

Je, tuige makumbusho makubwa ya Ulaya?

Igeni walivyotazama, si walichochora. Nembo ya V&A ya London, aliyoichora Alan Fletcher mwaka 1989, ni herufi mbili na alama ya "&" tu: aliondoa mguu wa kushoto wa A, na "&" ikauchukua mzigo wake. Alianza na jina fupi ambalo watu walikuwa tayari wanalitumia. Jean Widmer alipoichorea nembo Centre Pompidou ya Paris, alichora mistari mlalo ya ghorofa na mstari uliopinda wa zile ngazi za umeme zinazopanda nje ya jengo. Yaani alichora kile ambacho mpita njia anakiona. Na bado wenyeji wa Paris wengi wanapaita Beaubourg, jina la mtaa, kama watu wa Mombasa wanavyoiita Fort Jesus Ngomeni. Mimi ningechapisha jina la mtaani kwenye tiketi bila aibu.

Watu wetu wote wako kwenye simu. Bango la nini?

La kuwekwa stetasi. Tengenezeni toleo la wima kwa ajili ya WhatsApp, herufi kubwa kiasi cha kusomeka kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na faili jepesi. Halafu, hili wengi wanalisahau, tumeni pia maneno matupu yenye taarifa zote tano. Aliyeishiwa bando picha haimfungukii, lakini maneno yanaingia, tena ni rahisi kuyapeleka kwenye kundi la ukoo na la kikoba. Na mtaani msiache gari la matangazo lenye spika. Anayelidharau hajawahi kuujaza ukumbi Mbagala.

Nembo tuisajili wapi?

Tanzania Bara alama za biashara zinasajiliwa BRELA. Zanzibar ni BPRA. Kenya ni KIPI. Hakimiliki ya michoro na kazi nyingine za sanaa inashughulikiwa na COSOTA Bara, COSOZA Zanzibar, na KECOBO Kenya. Na andikianeni na mbunifu wenu, hata karatasi moja, nani mwenye nembo na nani anakaa na mafaili halisi. Nimewahi kuombwa nichore upya nembo ya watu kwa kuwa aliyeichora alihama na laptopu.

Kuna mdogo wake mwenyekiti anajua kompyuta. Si atuchoree bure?

Mpeni bango la kwanza. Akirudi na rangi saba na picha kumi kutoka intaneti, mtakuwa mmepata jibu. Akirudi akiwauliza "kiingilio ni shilingi ngapi na watu wanashukia wapi?", mshikeni huyo, mlipeni, na mniunganishe naye.

Tutajuaje kama usanifu umesaidia?

Daftari mlangoni na swali moja: "Umejuaje?" Mpe kazi hiyo mtu mchangamfu, si aliyechoka. Anaweka alama tu: bango, stetasi, rafiki, gari la spika, nilikuwa napita. "Nilikuwa napita" ndiyo ninayoitazama kwanza, kwa sababu inaonyesha geti linafanya kazi. Halafu hesabuni waliorudi, na waliorudi na mtu mwingine. Idadi ya "likes" nifichieni.

Tamasha letu liko wiki tatu mbele na hatujafanya lolote. Tuanzie wapi?

Leo, vukeni barabara mtazame geti. Kesho, kaeni na mlinzi na anayepokea simu, wajue jina la shughuli, siku, saa kwa maneno na kiingilio, maana hao ndio watakaoulizwa. Wiki hii andikeni zile taarifa tano kwa Kiswahili, bila picha, mzitume kama ujumbe wa kawaida kwa watu ishirini, msikilize wanarudi na swali gani. Swali hilo ndilo litakalokuwa na herufi kubwa kwenye bango. Ukuta mmoja mpeni fundi, ule unaoonekana kutoka kituoni. Nembo acheni iliyopo, hata kama ni mbaya.

Kanga mwaka huu hamtawahi, kiwanda hakitawasubiri nyinyi. Lakini jina lake litafuteni sasa. Andikeni matatu kwenye karatasi, mpelekeeni mama yeyote anayeuza chapati pale nje ya geti lenu, ayasome kwa sauti. Moja likimfanya aache kusukuma na kumwita mwenzake, lihifadhini hilo.